KUTOKA NAIROBI HADI DIANI: UMBALI WA ANGANI NA SAA ZA NJIANI

Msafiri aondokaye Nairobi alfajiri, akiwa amevaa koti kwa ajili ya baridi ya bara, huweza kulivua koti hilo Ukunda kabla ya chai ya saa nne. Katika asubuhi moja atakuwa ameuacha mji wa juu, amepita juu ya nyika ya Ukambani na ya Taita, ameivuka milima ya Shimba, na kushuka penye minazi na upepo wa bahari. Wazee waliokwenda safari hiyo kwa miguu pamoja na misafara ya bara walizihesabu siku zake kwa majuma. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, ikayageuza majuma kuwa usiku mmoja na sehemu ya mchana. Eropleni nayo imeugeuza usiku ule kuwa muda wa saa moja na kitu.

Lakini mtu akiuliza, "Kutoka Nairobi hadi Diani ni mbali kiasi gani?" swali lake lina majibu mawili, na wengi huyachanganya. Jibu la kwanza ni la kilomita, nalo halibadiliki mwaka hata mwaka. Jibu la pili ni la saa. Hili hubadilika kwa upepo, kwa ukubwa wa eropleni, kwa msongamano wa magari, na kwa watu wa Pwani ya Kusini hubadilika zaidi kwa sababu ya maji ya Likoni. Yafaa majibu haya mawili yaelezwe moja moja, maana mwenye kujua la kwanza tu aweza kupoteza nauli yake, na pengine kupoteza kilicho kikubwa kuliko nauli.

HESABU YA KILOMITA

Umbali wa angani hupimwa kwa mstari ulionyoka kutoka kiwanja hadi kiwanja, bila kujali mlima wala mto. Marubani, kama manahodha, hutumia maili ya bahari, ambayo ni mita 1,852. Kipimo hiki hakikuchaguliwa ovyo. Duara la dunia limegawanywa katika digrii 360, na kila digrii ina dakika 60. Dakika moja ya duara hilo, ikipimwa juu ya uso wa dunia, ni maili moja ya bahari. Kwa hiyo mtu mwenye ramani iliyoandikwa digrii na dakika aweza kupata umbali kwa kalamu na karatasi tu.

Kiwanja cha Wilson cha Nairobi kiko digrii 1 na dakika 19 kusini ya Ikweta. Kiwanja cha Ukunda, ambacho ndicho mlango wa Diani, kiko digrii 4 na dakika 17 kusini. Tofauti yake ni dakika 178, yaani maili 178 za bahari kwenda kusini. Kwa upande wa mashariki, Wilson iko digrii 36 na dakika 49, na Ukunda digrii 39 na dakika 34. Tofauti ni dakika 165, nazo karibu na Ikweta zina urefu ulio karibu sawa na wa zile za kusini.

Sasa pana pembetatu yenye pembe mraba, kama kona ya nyumba, na msafiri hupita katika ule upande mrefu unaokata kona. Namba 178 ikizidishwa kwa yenyewe ni 31,684. Namba 165 ikizidishwa kwa yenyewe ni 27,225. Jumla ni 58,909. Namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hukaribia jumla hiyo ni 243. Basi umbali ni maili 243 za bahari, ambazo ni kilomita 450 hivi.

Kwa hesabu ya namna hiyo hiyo, kutoka kiwanja kikubwa cha Jomo Kenyatta, kilichofunguliwa mwaka 1958 kwa jina la Embakasi, hadi Ukunda ni kilomita 440 hivi. Kutoka hapo hadi kiwanja cha Moi cha Mombasa, kilichojulikana zamani kwa jina la Port Reitz, ni kilomita 420 hivi. Msomaji ataona kwamba kwa ndege Mombasa na Diani hazipitani sana: tofauti ni kilomita 20. Na kati ya kiwanja cha Mombasa na kile cha Ukunda, kwa mstari ulionyoka, hazizidi kilomita 30. Eropleni ndogo ikiwa angani huzimaliza kilomita hizo kwa dakika saba au nane.

Kilomita hizo 30 ndizo zilizoleta taabu kwa miaka mingi, kama itakavyoonekana mbele.

NCHI IPITIWAYO

Wilson ni kiwanja cha zamani. Kilikuwa makao ya kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson, ikafa mwaka 1939 vita vilipoingia. Kiko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na kwa hiyo eropleni iliyojaa hukimbia mbali zaidi juu ya njia yake kabla ya kuinuka kuliko ile inayoruka kutoka Ukunda, ambako kiwanja hakifiki mita 50 juu ya bahari.

Mstari wa Ukunda huelekea kusini-mashariki. Hupita juu ya mbuga za Athi, kisha nchi kavu ya Ukambani, ukikaribia Mtito Andei. Milima ya Chyulu hubaki mkono wa kuume, na kukiwa hakuna mawingu asubuhi, kilele cheupe cha Kilimanjaro huonekana mbali nyuma yake. Baadaye huja Tsavo, nchi nyekundu yenye miti michache, na milima ya Taita, nayo pia kuume. Kisha nchi huanza kuwa kijani tena. Mstari huo hufika karibu kabisa na mji wa Kwale na msitu wa Shimba, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1968. Humo ndimo alimo palahala, mnyama mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, ambaye katika Kenya nzima haonekani mwituni ila huko.

Kutoka Kwale nchi hushuka upesi. Minazi, mikorosho na miembe huonekana, kisha mji wa Ukunda, kisha mchanga mweupe wa Diani na mstari wa povu pale mawimbi yanapovunjika juu ya mwamba. Kusini kidogo upo msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Mbele zaidi ni Gazi na mikoko yake, na mbele ya Gazi ni Msambweni.

Yafaa kukumbuka kwamba rubani hafuati mstari wa karatasi daima. Waongozaji wa ndege humwambia apite wapi na kwa urefu gani, na mvua kubwa humzungusha. Kwa hiyo kilomita anazoruka huzidi kidogo zile za hesabu.

SAA ZA ANGANI

Muda hupatikana kwa kugawa umbali kwa mwendo. Eropleni ndogo ya injini moja, ya namna ya Cessna Caravan, hukata maili 170 za bahari kwa saa. Maili 243 zikigawanywa kwa 170, muda ni saa moja na dakika 26. Eropleni kubwa zaidi ya panga mbili, ya namna ya Dash 8, ikienda maili 270 kwa saa, hutumia dakika 54. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Mtu aongeze dakika za kupanda polepole, za kushuka, na za kutembea juu ya ardhi kabla ya kuruka na baada ya kutua.

Upepo nao una sehemu yake, kama wanavyojua watu wa mashua. Eropleni iendayo Diani huelekea kule kule unakotoka upepo wa kusi. Ikiwa upepo wa maili 20 kwa saa unaipiga usoni, ile Caravan iliyokuwa ikienda 170 huipita ardhi kwa maili 150 tu, na safari huwa ya saa moja na dakika 37. Ikirudi Nairobi upepo ule ule ukiwa mgongoni, hupata maili 190, na hufika kwa saa moja na dakika 17. Dakika 20 zimetofautiana, na kilomita ni zile zile. Upepo wa kaskazi humpata msafiri huyu ubavuni. Haumzuii sana wala haumsukumi sana.

Basi kwa angani jibu ni hili: ni kama saa moja kwa eropleni kubwa, na kama saa moja na nusu kwa ndogo.

SAA ZA MLANGO HADI MLANGO

Hata hivyo hakuna mtu akaaye katika kiwanja cha ndege. Safari huanza mlangoni pa nyumba na kuisha mlangoni pa nyumba nyingine. Na ichukuliwe mfano wa karani wa Nairobi ambaye kwao ni Msambweni. Ataondoka kwake saa kumi na mbili alfajiri, apite katika magari ya mji, afike Wilson saa moja. Lazima awahi, maana mizigo hupimwa na abiria hukaguliwa. Eropleni ikiondoka saa mbili, atatua Ukunda saa tatu na robo. Atachukua mzigo wake, atatoka nje, atapanda matatu ya Msambweni, ambayo ni mwendo wa kilomita 25 hivi, na kufika kwao baada ya saa nne. Katika muda wote wa saa nne na dakika kadhaa, zile alizokuwa angani hazikufika hata theluthi moja.

Mwenzake aliyepanda basi usiku kutoka Nairobi atatumia saa nane hadi kumi kufika Mombasa tu. Yule wa gari la moshi la reli mpya, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, hutumia saa tano au sita hadi stesheni ya Miritini. Nauli zao ni ndogo kuliko ya eropleni, na kwa mtu mwenye watoto wanne hilo ndilo huamua. Lakini wote wawili, pamoja na yule aliyetua katika kiwanja cha Mombasa kwa dakika chini ya 60, walikuwa na jambo moja mbele yao. Walikuwa bado hawajavuka maji.

MAJI YA LIKONI

Mlango wa bahari uingiao bandari ya Kilindini hupita kati ya kisiwa cha Mombasa na Likoni. Upana wake penye kivuko ni kama nusu kilomita. Feri huuvuka kwa dakika chache, na waendao kwa miguu hawatozwi nauli. Mtu akiangalia ramani hataona kitu cha kumtia hofu. Lakini wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwa miaka mingi nusu kilomita hiyo ilikuwa ndefu kuliko nyika yote ya Tsavo.

Sababu yake si kuvuka, ni kungoja. Feri moja ikiharibika, magari hujipanga. Meli kubwa ikiingia bandarini, feri husimama hadi ipite. Jioni ya siku ya kazi na siku za sikukuu foleni hurefuka mpaka ndani ya mji. Abiria aliyetoka Nairobi kwa dakika 50 aliweza kukaa Likoni saa mbili au tatu akiitazama ng'ambo ya pili. Na mgeni wa Diani aliyetakiwa kurudi kwao Ulaya ilimbidi aondoke hotelini saa nyingi kabla ya ndege yake, au aikose. Ndiyo maana kiwanja kidogo cha Ukunda kilipendwa. Hakikuwapunguzia watu kilomita nyingi, kiliwaondolea kungoja.

Wala si saa tu zilizopotea majini. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, katika kivuko kilicho karibu na Likoni, ilipinduka asubuhi ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi waliokuwa wakienda kazini kisiwani. Watu 272 walikufa. Tarehe 29 Septemba 2019 motokaa ilirudi nyuma ikateleza kutoka feri ya Likoni ikazama, na mama na mtoto wake wakafa. Watu wa Kwale hawakuhitaji hesabu ya maili kujua ya kuwa njia yao ilikuwa na pengo.

BARABARA YA DONGO KUNDU

Pengo hilo limezungukwa sasa. Barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa msaada wa mkopo kutoka Japani, huanzia Miritini upande wa bara, ikavuka vidimbwi na mikono ya bahari nyuma ya bandari, na kuungana na barabara ya Likoni na Lunga Lunga huko Kibundani. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, na magari yakaanza kupita njia nzima mwaka 2024. Daraja lake la Mwache lina urefu wa mita 660, na lile la Mteza hupita mita 1,400.

Kwa njia hii gari litokalo kiwanja cha ndege cha Mombasa, au stesheni ya reli ya Miritini, hufika Ukunda bila kuingia kisiwani na bila kuona feri. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Mtu atambue jambo lililotokea hapa: barabara hii si fupi kuliko ile ya kivuko. Faida yake ni kwamba dereva aweza kusema mapema atafika saa ngapi, na akafika.

Mkulima wa Lukore au wa Shimba Hills huenda akauliza, "Mimi sipandi ndege, yanihusu nini?" Yamhusu. Mahoteli ya Diani hununua mayai, mboga, samaki na matunda. Vyumba vikijaa, soko hufunguka. Vikiwa vitupu, maembe huoza. Na mgeni huchagua pwani ya kwenda kwa kuuliza saa atakazopoteza njiani. Tena lori la maembe au machungwa liendalo bara halina budi kupita njia ile ile, na tunda lililoshinda juani penye foleni hushuka bei kabla halijafika sokoni.

MGONJWA WA MSAMBWENI

Lakini hesabu nzito kuliko zote ni ya mgonjwa. Msambweni ina hospitali kubwa ya rufaa ya Kwale. Maradhi yakiizidi hospitali hiyo, mgonjwa hupelekwa Mombasa, na hospitali kuu ya Pwani iko kisiwani. Kutoka Msambweni hadi Likoni ni kilomita 50 hivi za lami. Gari la wagonjwa hupewa nafasi ya mbele katika foleni, na watu hulipisha kwa huruma. Hata hivyo feri ikiwa ng'ambo ya pili, au meli ikipita, king'ora hakiwezi kuiita. Mama aliyepatwa na damu wakati wa kujifungua hana saa mbili za kungoja.

Ndege yaweza kumsaidia nani? Tangu mwaka 1957, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waganga wapasuaji watatu, walipoanzisha kazi ya madaktari warukao, eropleni za waganga zimekuwa zikitoka Wilson kwenda mahali pasipo barabara. Kwa mgonjwa wa kupelekwa Nairobi, kilomita 450 za angani ni wokovu, maana kwa barabara angetikiswa mchana kutwa. Lakini kwa safari ya Msambweni hadi Mombasa eropleni haifai sana. Rubani huitwa, ndege hutayarishwa, hutoka Nairobi muda wa saa nzima na zaidi, na mgonjwa mwenyewe hupelekwa kwanza Ukunda kwa gari. Muda huo wote kwa barabara iliyo wazi angekuwa amekwisha fika kitandani Mombasa. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa mbali chombo ni eropleni, na kwa mgonjwa wa karibu chombo ni daraja.

Dereva wa gari la wagonjwa sasa ana njia mbili. Aweza kwenda Likoni akiambiwa kwa simu kwamba feri ipo tayari, au kuzunguka Dongo Kundu, kupitia Miritini na Changamwe, na kuingia kisiwani kwa barabara ya Makupa. Njia ya pili ni ndefu kwa kilomita. Afadhali aulize kabla hajafika penye njia panda, kuliko kugundua foleni akiwa ameshaingia ndani yake.

MSAFIRI AFANYEJE

Mtu akipanga safari ya Pwani ya Kusini, na aandike saa zake zote katika karatasi: ya kutoka mlangoni, ya kuwa kiwanjani, ya angani, ya kungoja mzigo, na ya njia ya mwisho hadi nyumbani. Kisha aangalie tiketi yake imeandikwa Ukunda au Mombasa, maana wapo wanaodhani ni mamoja. Atuaye Mombasa na awe na nauli ya njia ya Dongo Kundu, au na subira ya Likoni. Mwenye ndege ya kurudi jioni asiache nafasi ndogo.

Feri nayo haijamaliza kazi yake. Maelfu ya watu wa Likoni huenda kisiwani kila asubuhi kwa miguu, kufanya kazi bandarini, sokoni na majumbani mwa watu, na kurudi jioni. Kwao Dongo Kundu ni mzunguko mrefu wenye nauli, na kivuko ni bure. Kwa mtu huyo Mombasa bado iko nusu kilomita, na muda wa safari yake hutegemea feri iliyo nzima, isiyojazwa kupita kiasi, inayoondoka kwa saa yake.